Koti la Njano la Mwalimu Delphin

Florentine alizaliwa Luofu, kusini ya Lubero, ambako mtoto wa kike hujifunza kushika jembe kabla hajajua kufunga vifungo vya nguo yake. Alipoolewa na mwalimu wa Butembo, shangazi zake walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka: mtoto wetu ameula, sasa atakaa kivulini! Maskini shangazi. Aliyeolewa na mwalimu ndiye aliyekuja kumlisha mwalimu. Florentine alilima kabichi na viazi kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, akavibeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso kama wanavyobeba wanawake wa kwetu, akaviuza sokoni, na jioni akirudi alimkuta mume wake mlangoni, tai shingoni, uso ameuelekeza juu, anasikiliza ndege.

Maana huyo Delphin alikuwa mtu wa ndege. Si wa kuwala, si wa kuwafuga, si wa kuwauza. Wa kuwatazama. Na Butembo ni mji wa biashara, hata mtoto anayenyonya hapa unaweza kumwachia kibanda. Mtu mzima anayesimama kutwa akikodolea macho kitu asichokila wala kukiuza, majirani walimwona ana kasoro kidogo. Florentine naye alicheka pamoja nao kisimani.

"Benzetu Mungu aliwapatia bwana wa pombe ya kasiksi," alisema, "bengine bwana wa babibi ba inje. Miye alinipatia wa ndege. Nitalia juu ya nini?"

Moyoni alijua amepata mume mpole kuliko wengi. Alimshukuru Mungu kwa hilo, ila mwenyewe hakumwambia. Sisi watu wa milimani tuna ubahili wa namna hiyo, tunaweka maneno mazuri akiba mpaka yanaoza.

Kulikuwa na ndege mmoja hasa, aliyeishi kwenye kipande cha msitu kilichobaki juu ya kilima, upande wa machweo. Mkubwa kiasi cha kuku, wa kijani na zambarau. Akitulia kwenye matawi humwoni, lakini akiruka mabawa yake yanafunguka mekundu, mekundu kama kaa la moto ukilipuliza. Delphin alimpenda ndege huyo kwa namna ambayo ingemtia mke mwingine wivu.

"Mama Ornella," alimwambia kila mara, kwa jina la binti yao wa pekee aliyeolewa Beni, "siku moja nitakupandisha kule, umuone na macho yako."

"Tumalize kwanza kulima, baba Ornella."

Kulima hakuishi, kila mtu anajua. Kwa hiyo hakupanda.

Ikaja vita ile ya pili ya Kongo, ambayo askari walipokezana mji wetu kama watu wanavyopokezana kiti, na kila aliyekalia alisema ni chake. Shule ya Delphin ikawa kambi. Siku alipopita akaona maharagwe ya askari yanachemka juu ya moto wa madawati, alirudi nyumbani, akaivua tai, akaitundika kwenye msumari, na hakuifunga tena. Tangu hapo alikuwa anakwenda msituni karibu kila siku. Alikuwa na darubini aliyoachiwa na padri mmoja mzee aliyeondoka nchini, na aliificha chini ya shati, kwa sababu mwenye darubini wakati wa vita ni mpelelezi hata kama anatazama shomoro.

Sasa mvua ya Butembo mnaijua. Haibishi hodi. Jua linawaka, mama anaanika mihogo, na kabla hajamaliza kunyoosha mgongo maji yanamshukia. Delphin alikuwa na kifua kibovu tangu ujana, alikuwa amewahi kulazwa kwa maji ya mapafu, akapona nusu. Safari moja alirudi ameloa akakohoa wiki nzima. Florentine akampeleka kwa muuguzi Maliro, mama mnene asiyejua kupamba maneno, na Maliro akaweka sikio mgongoni mwa mwalimu, akasikiliza, akasikiliza tena.

"Mwalimu, ile mayi ya mvula isikuguse tena kifua," alisema. "Dispensaire haina kitu, balichukua dawa yote, hata matelas ya kulalia. Ukiangukia hii magonjwa tena, miye nitakuangalia na macho tu."

Mke mwingine angemfungia ndani. Florentine alimtazama mume wake njiani, akamwona anavyosikiliza kila mti wanaoupita, akajua kwamba akimkataza msitu, huyu atakufa kwa ugonjwa mwingine usiosikika kwa sikio mgongoni. Basi akaamua kumtafutia kitu cha kumkinga. Delphin alikuwa amekwisha kujaribu jani la mgomba, mvua ikapiga ngoma juu yake na ndege wote wakahama. Alijaribu na kipande cha bashi, yale maturubai wanayopewa wakimbizi, likawa linalia kwarakwara kila akipumua. Iliyobaki ilikuwa ni koti la maana, koti lisilopitisha maji.

Hapo katikati kikatokea kifo cha Abdias. Huyu alikuwa mchoma makaa wa kilima hicho hicho, mtu mzima mwenye wajukuu, na alikuwa na koti kuukuu la madoadoa aliloliokota sijui wapi, akilivaa kwa ajili ya baridi. Asubuhi moja alitoka msituni na gunia kichwani, askari wakamwona kwa mbali, wakaona madoadoa, wakasema ni mpiganaji wa porini. Hakuulizwa jina. Florentine alikuwa shambani walipopita naye kwenye machela ya miti. Aliyaona matundu ya koti lile, na aliona kwamba makaa ya Abdias yalikuwa yamemwagika njia nzima na hakuna mtu aliyethubutu kuyaokota.

Kwa hiyo siku walipokwenda kwa Amina kuchagua koti, Florentine alikwenda na Abdias machoni.

Amina alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Beni, mfanyabiashara wa mitumba, na kaka yake Musafiri ndiye aliyemletea marobota kwa lori kutoka mpakani. Kati ya wauzaji wote wa soko lile Florentine alimwamini yeye, kwa sababu Amina alikuwa na tabia ya kukuonyesha tundu la nguo kabla hujaliona mwenyewe. Alipoelezwa shida alifungua robota jipya, akalichambua mpaka chini, na kati ya masweta na makoti ya sufu yaliyojaa humo akapata mawili tu ya kuzuia maji.

La kwanza lilikuwa la majani. Si madoadoa ya askari hasa, lilikuwa limechorwa majani yenyewe, na vijiti, na magamba ya mti, kazi ya huko Ulaya kwa watu wanaowinda kwa kujifurahisha. Delphin aliliona tu macho yakamng'aa. Alilivaa, akavuta zipu mpaka kidevuni, akavaa kofia ya koti, akaenda kusimama karibu na mparachichi uliokuwa nyuma ya kibanda. Florentine aliinua macho kumtafuta. Kwa nukta moja hakumwona mume wake. Alikuwa pale pale, hatua chache tu, na hakumwona.

"Toa hiyo koti, mwalimu, toa mbiyo!" Amina alikuwa anatazama barabarani, walikopita askari. "Basoda bakikuona nayo hapa, banabeba weye, banabeba na miye. Hata sikujua kama iko mule."

"Mais hii haiko ya basoda, dada Amina," Delphin alisema, akipapasa mkono wa koti kama mtu anayemuaga rafiki. "Angalia, ni majani. Basoda habavaake majani."

"Na soda mwenye kuwa kule mulimani na bunduki yake," Florentine aliuliza, "atashuka kwanza kuangalia kama ni majani ya muti gani?"

Delphin aliishusha zipu. Alivua.

La pili lilikuwa la njano. Njano isiyo na haya, ya ua la alizeti, na ndani lilikuwa jeupe kama karatasi, kwa hiyo hata ukiligeuza ni yale yale. Delphin alilitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto mwenye kelele aliyeletwa darasani katikati ya mwaka.

"Na hii, ndege bataniona toka kule Beni, mama Ornella."

"Ndege habana bunduki," Florentine alisema.

Amina, ili kuwapatanisha, akasema kwanza tujue kama linazuia maji, maana rangi bila kazi ni bure. Akaifunga mikono ya koti la njano kwenye nguzo mbili za kibanda, likabonyea katikati kama beseni, akachukua birika lake la kutawadhia akamimina maji yote humo. Kisha akatandika mkeka wake nyuma ya marobota, akaswali adhuhuri. Mke na mume wakakaa kusubiri, kila mmoja akilitazama tumbo lile la njano lililojaa maji. Amina alipomaliza alikuja akapitisha kiganja chini yake, akakiinua wakione. Kikavu.

"Hii haiwezi kukusaliti," alisema.

"Mchagua jembe si mkulima," Delphin alisema kwa sauti yake ya darasani, akatabasamu, akavaa. Florentine alicheka kwa furaha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Abdias. Alijiona amemwokoa mume wake na mvua na risasi kwa pigo moja. Ni vigumu kumlaumu. Mimi nisingechagua vingine, na wewe unayesoma usingechagua vingine.

Na kweli, mwanzoni koti lilifanya kazi kuliko walivyotegemea. Chini ya kilima askari walikuwa wameweka kizuizi cha mti uliolazwa barabarani, na wao walimzoea upesi mtu wa njano anayeonekana kutoka mbali akija polepole bila kujificha. Walimwita Maître Jaune, yaani Mwalimu wa Njano. Walimpungia mkono. Wenzake waliopita pale na nguo za rangi ya udongo walilazwa kifudifudi wakapekuliwa, yeye aliulizwa tu kama leo mvua itanyesha. Florentine alikuwa akimwona kutoka shambani, doa la njano likipanda kilima, na alilima kwa moyo mweupe. Akifika kwenye miti, doa linazimika. Jioni linawaka tena, linashuka.

Ila alirudi na shati limeloa.

Mara ya kwanza Florentine aligusa mgongo wake alipokuwa anamvua koti, akashtuka. Koti linachuruzika nje, sawa, mvua ilikuwa imenyesha. Lakini shati ndani nalo lilikuwa la kukamua.

"Baba Ornella, hii mayi imetoka wapi?"

"Ni jasho ya mulima," Delphin alisema.

Aliamini. Kwa nini asiamini? Alimuuliza na Amina sokoni, na Amina akasema ni kweli, hizi nailoni zinafungia jasho, mtu anajipika ndani kama muhogo kwenye jani. Basi Florentine akawa anamwekea shati kavu karibu na jiko, na maji ya moto ya tangawizi, na Delphin anakunywa huku anamsimulia ndege. Siku hizo alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Yule mwenye mabawa mekundu alikuwa amepata mwenzi, walikuwa wanajenga kiota cha vijiti kibaya kabisa, alisema, hata fundi mbovu kuliko wote wa Butembo angeona aibu, na walikuwa wanakuja karibu, karibu sana, mpaka aliona jicho.

"Utakuya lini kuwaona?" aliuliza.

"Nikimaliza viazi."

Viazi havikuisha, kikohozi kikaja. Kilianza kidogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Kikashuka kifuani kikakaa. Florentine akasema kimoyomoyo kwamba hakuna jasho linalomkohoza mtu hivi. Akapata jibu lake: koti linavuja. Akalichukua likiwa bado na maji ya jana, akaenda nalo sokoni, na hasira yake ilikuwa imetangulia kufika.

"Dada Amina, uliniuzishia kitu gani? Hii koti inavuya! Bwana yangu anakufa ndani yake!"

Watu wakageuka. Amina aliliangalia koti, akaliangalia zipu, mishono, mabega.

"Mama Ornella, mbele ya Mungu, hii haiwezi kuvuya. Lete tuiweke mayi tena, hapa hapa, mbele ya bantu bote."

"Mayi yako yalisha kuingia mu kifua ya bwana yangu!"

Akaondoka na koti mkononi, akilia barabarani. Maneno ya soko hayahitaji lori, yanasafiri yenyewe. Kabla ya jua kutua Amina alikuwa amekwisha kuitwa muuza makoti yanayovuja, na wateja wakaanza kupita kibanda chake wakitazama upande mwingine.

Delphin aliposikia alikaa kitandani, akashika mkono wa mke wake.

"Dada Amina hana kosa," alisema.

"Weye hata ukigonjwa unateteaka bantu."

Alitaka kuongeza neno. Florentine aliliona likimjia mdomoni, lakini kikohozi kilimwahi, na kilipomwachia alikuwa amechoka, akalala. Baadaye sana Florentine alijiuliza kama ni kikohozi kweli kilichomzuia, au ni aibu. Mtu mwenye kifua kama kile anajua anachokifanya kila anapokifanya. Na anamjua mke wake, kwamba angelijua angemkataza.

Akaanguka kabisa. Muuguzi Maliro alikuja, akaweka sikio, na alimwangalia kwa macho tu, kama alivyoahidi. Barabara ya Beni ilikuwa imefungwa na mapigano, dawa haziji, Ornella haji. Florentine alimkalisha mumewe kwa mito ya majani makavu ili apumue, akamshikilia kifua kwa viganja vyake viwili kama mtu anayeziba ukuta. Delphin alikufa Jumapili, kengele ya misa ya kwanza inalia, na shomoro walikuwa wanapiga kelele kwenye mabati, na Florentine aliokota jiwe akawatupia.

Amina alikuja kwenye matanga siku ya kwanza, na birika la chai na sukari, akakaa nyuma kabisa na wanawake wa mtaa. Florentine alimwona. Hakumsalimu. Alikuwa na huzuni kubwa mno, na huzuni kubwa hutafuta mtu wa kuibeba, na yeye alikuwa amekwisha kumpata.

Siku ya kuondoa matanga, kama ilivyo desturi, nguo za marehemu zilitandazwa kwenye mkeka uani, na kaka yake mkubwa, mzee Kitsa, akawa anaziinua moja moja na kumwita ndugu wa kuzipokea. Suruali zikaenda. Mashati yakaenda. Tai ilichukuliwa na mpwa aliyeibusu. Darubini haikuwepo, Florentine alikuwa ameifunga kwenye kitambaa akaizika na mwenyewe. Mwishoni kabisa mzee Kitsa akainua koti la njano.

"Nani?"

Hakuna aliyetoa mkono.

"Ile yenye kuuwa?" shangazi mmoja alinong'ona, kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani. "Ikae vile."

Ndipo Amina aliposimama nyuma. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye mkeka, akainama mbele ya mzee Kitsa kwa heshima.

"Muzee, nisamehe. Hii ni nyumba ya kilio, miye si wa jamaa. Naomba mayi tu."

Mzee Kitsa akamtazama Florentine. Florentine aliinamisha macho kwenye mkeka. Wakaleta ndoo. Wanaume wawili wakalishika koti kwa mikono na kwa pindo, likabonyea katikati, na Amina akamimina. Akamimina mpaka wale wanaume wakaomba wabadilishane mikono. Watu wote walisogea, hata watoto, hata yule shangazi, wakitazama chini ya koti, kwenye vumbi la ua. Wakasubiri tone. Walisubiri muda ambao mtu angesali rozari nzima bila haraka.

Vumbi lilibaki vumbi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi siku zote niliichukua kuwa methali ya kuwatisha wagonjwa wakaidi. Sikujua kwamba kilio chenyewe kinaweza kuja na ndoo ya maji. Watu walimgeukia Amina wamwone anavyojisikia mshindi, wakakuta analia.

"Sikukuya kukushinda, mama Ornella," alisema. "Hata miye mwenyewe nilianza kuiogopa."

"Wasingya," Florentine alimjibu kwa Kinande, asante, kwa sauti ndogo sana. Akamshika mkono, akamkalisha karibu naye mbele, mahali pa dada. Lakini akili yake haikuwa pale. Ilikuwa inazunguka swali moja: kama maji hayakupita kwenye koti, yalipita wapi?

Koti likabaki kwake. Siku chache baadaye aliacha jembe shambani, limesimama katikati ya tuta la viazi, akalivaa koti la njano juu ya kitenge cheusi cha ujane, akapanda kilima. Kwenye kizuizi askari walisimama walipoiona ile rangi inakuja, halafu wakaona ni mwanamke, wakaelewa, wakainua mti bila neno. Alikwenda kwa njia ambayo miguu ya Delphin ilikuwa imeipiga mpaka ikang'aa. Ilimfikisha kwenye gogo moja. Majani mbele ya gogo yalikuwa yamelala, bado yana umbo la mtu aliyekaa.

Na pembeni kulikuwa na mwamba uliojiinamia kama paa. Chini yake udongo ulikuwa mkavu, mkavu kabisa, hata majani yake yalikuwa ya msimu uliopita. Delphin alikuwa amechomeka kijiti kwenye ufa wa mwamba, amekichonga vizuri kwa kisu, kama alivyochonga kile cha nyumbani cha kutundikia taulo. Kwenye kijiti kulikuwa kumenasa uzi mmoja wa njano.

Florentine aliugusa. Basi ni hapa koti lilipokaa. Koti lilikaa chini ya paa, pakavu, na mume wangu akakaa pale kwenye gogo, mvuani, na shati. Kisha jioni analivaa juu ya maji, ili askari wamwone, ili mimi nimwone. Alisema hivyo kwa sauti, peke yake, na aliposikia sauti yake mwenyewe akakaa chini.

Alikuwa na hasira. Alimtukana, kwa Kinande, matusi ambayo hakuwahi kumtukana akiwa hai. Kwa ndege! Kwa kuku wa porini! Akajitukana na yeye, na mparachichi wa sokoni, na Abdias maskini, na watu wote wenye bunduki waliofanya rangi ya majani iwe rangi ya kifo, mpaka mtu hawezi kukaa msituni bila kuchagua atauawa na nini. Alilia mpaka akanyamaza. Alipokuwa kimya aligundua kwamba msitu nao ulikuwa kimya. Hakuna kilichoimba. Alisubiri. Akaona, mbali juu, kivuli kikikaribia, kikageuka ghafla, kikarudi kilikotoka. Akajitazama, lilivyokuwa linawaka lile koti katikati ya kijani.

Mvua ikaanza, bila hodi.

Florentine alisimama, akavuta zipu, akavua. Akalitundika koti kwenye kijiti cha mume wake, chini ya mwamba, akarudi kwenye gogo na blauzi yake nyeusi. Maji yalikuwa ya baridi kuliko alivyofikiri. Yalimwingia shingoni, yakashuka mgongoni, akaanza kutetemeka, na alikaa. Alikaa mpaka nguo zake zikawa rangi moja na gogo.

Wakaja wawili. Hakusikia walivyofika, aliona tu tawi la mbele yake likiinama. Kijani, zambarau, wanahangaika na kiota chao kibaya cha vijiti, na walikuwa karibu mno, akaliona jicho. Kisha mmoja akaruka kupita juu ya kichwa chake, akafungua mabawa, na ule wekundu ukapita katikati ya mvua kama alivyoambiwa miaka yote.

"Nimemuona, baba Ornella," Florentine alisema. "Nimekuya."

Alipoteremka alilivaa koti juu ya nguo zilizoloa, akavuta zipu mpaka kidevuni, kwa sababu barabarani bado kulikuwa na bunduki. Kwenye kizuizi yule askari aliyezoea kumpungia mkono Delphin alimwinulia mti. Aliona maji yanavyochuruzika kutoka kwenye kitenge chake na meno yake yanavyogongana.

"Mama, unalowana hivi! Ile koti inapitishaka mayi?"

"Hapana, mwanangu," Florentine alisema. "Ni jasho ya mulima."